Njia Tatu za Ziwa Nisilowahi Kuliona

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cheupe kilicholowa maji, nikaambiwa nisugue. Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya chumba kimoja nyuma ya Barabara ya Zhanqian. Aliyenipa ni marehemu Bibi Msimamizi, mama wa Kizanzibari ambaye wote tulimwita kwa cheo chake, hata wateja. Mezani palikuwa na fulana nyekundu. Niliisugua, kisha nikakiangalia kile kitambaa. Kilikuwa cha waridi.

"Umeona nini?"

"Rangi imetoka, Bibi."

"Imechuja. Sema imechuja. Sasa mtu wa Kariakoo akiifua pamoja na kanzu ya mumewe, nani atatukanwa?"

"Mimi?"

"Mimi, baba. Wewe hawakujui bado."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkaguzi wa mzigo. Mteja aliagiza mali kwenye karakana, akapanda ndege akarudi kwao. Mkaguzi alibaki kuwa macho yake. Karakana ilitengeneza kipande kimoja cha kwanza, tukakiita sampuli mama. Mkaguzi alikipima, akakisugua, akakivuta mishono, kisha akakitia saini. Baada ya hapo vipande vyote vilifuata hicho kimoja, kikiwa sawa au kikiwa na kasoro. Kwa hiyo aliyetia saini sampuli mama alibeba lawama yote. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kazi hii ilitaka macho na vidole, na hivyo nilikuwa navyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Shahe, kwenye nguo za bei ya chini, nikihesabu marobota katikati ya mikokoteni. Baadaye nilipelekwa Xintang kwenye jinzi. Huko nilijifunza kupima suruali kabla na baada ya kufuliwa, maana nyingine zilirudi fupi kama za watoto. Nilijifunza pia maneno machache ya soko. Mwenye karakana ni laoban. Akisema "mei wenti" anamaanisha hakuna shida, na Bibi Msimamizi alinionya kwamba nikilisikia neno hilo mara tatu mfululizo nikague upya kila kitu.

Ndipo akaja Bwana Kasongo. Alikuwa mtu wa Lubumbashi aliyeishi Ufaransa, akifanya kazi katika nyumba ya wageni kwenye kijiji cha vilimani, kando ya ziwa. Wageni wao walikuwa waendesha baiskeli. Alitaka vitambaa vidogo vilivyochapwa ramani ya njia tatu za kuzunguka ziwa lile, ili mpanda baiskeli akikunje na kukitia mfukoni, mvua isikiharibu. Alitufuata sisi kwa sababu alisikia tunasema Kiswahili.

Nilikuwa na maswali mengi. Kwetu Morogoro niliyemwona juu ya baiskeli alikuwa amebeba mkaa au ndizi. Guangzhou nako barabara zilijaa baiskeli asubuhi, watu wakienda viwandani, wengine na majokofu nyuma.

"Hao wa kwenu wanabeba nini?" nilimuuliza.

"Habana na mzigo. Banabeba mayi tu, na mukate kidogo."

"Wanakwenda wapi?"

"Banazunguka ziwa, banarudia fasi ileile balitoka."

Bibi Msimamizi aliweka kikombe chini. "Ala! Na wanalipia?"

"Banalipa sana, Mama."

"Wanalipia tabu! Hebu mwache aseme, nataka kujua."

Akatueleza. Njia ya kwanza hufuata ukingo wa maji, tambarare kabisa, chini ya miti, na hiyo ni ya wazee na watoto. Ya pili huacha ziwa, hupanda taratibu kwenye mashamba ya mizabibu, hupita vijiji viwili, kisha hurudi majini. Ya tatu hupanda mlima kwa kona nyembamba hadi kwenye kanisa dogo la mawe, halafu hushuka upande wa pili kwa ghafla, ukuta kushoto na bonde kulia. Wenye miguu migumu ndio huipenda. Alilala juu ya meza yetu, mgongo umepinda, mikono mbele, kutuonyesha mtu anavyoshuka pale.

Alituachia mchoro wa penseli, na majina ya vijiji juu yake. Kando ya kila njia aliandika neno moja la Kifaransa. Nilidhani ni majina ya njia. Sikumuuliza, kwa sababu niliona aibu kusema kwamba siwezi kuyasoma. Hilo ni kosa langu, na silihamishii kwa mtu mwingine.

Nilipeleka mchoro kwenye karakana ya uchapaji, njia ya kwenda Xintang. Pale walichapa kwa fremu, yaani wavu uliokazwa kwenye mbao, kila rangi na fremu yake, wino ukisukumwa kwa ubao wenye mpira. Kasongo alikuwa ameagiza kijani, buluu na nyekundu. Laoban aliuliza kwa mikono ipi ni ipi. Nami kwa mikono nikamweleza: hii ya kando ya maji ni nzuri, ya bibi na babu, hii ya mlimani ni ngumu. Akafurahi. "Hao, hao," akasema, vizuri, vizuri, akaipa ile ya wazee rangi nyekundu. Kwao nyekundu ndiyo rangi ya arusi, ya mwaka mpya, ya kumtakia mtu heri. Mlima akaupa kijani.

Sampuli mama ilipotoka nilisugua, haikuchuja. Mistari ilikuwa mikali, mishono ya pindo sawa. Nikatia saini.

Vitambaa vyote vikachapwa, vikapakiwa kwenye makatoni, na makatoni yakaingizwa ndani kabisa ya kontena, nyuma ya mali za wateja wengine. Kontena lilikuwa lifungwe kesho yake adhuhuri. Mimi nilibaki na kitambaa kimoja na ule mchoro. Mchana huo nilivichukua hadi kwenye mkahawa walikokula Wakongo, kwa sababu nilitaka kujua vijiji vile vinatamkwaje. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alinisomea, huku akila.

"Na hii, *vert*, ni kijani. Njia ya kando ya ziwa." Akatazama kitambaa. "Ndugu, mbona huku kijani iko ku mulima?"

"Si jina la njia?"

"Jina gani! Ni rangi. Kule kijani ni ya bazee, nyekundu ni hatari. Nani alifanya hii kazi?"

Nilikunja kitambaa nikatoka.

Nilitembea hadi ofisini polepole. Nitasema ukweli: njiani niliwaza kunyamaza. Labda Kasongo angeona mwenyewe. Labda asingeona, akavigawa, na bibi wa miaka sabini akafuata mstari wa kijani hadi kwenye ule mteremko. Na nikisema, kazi nimeipoteza, na nyumbani walinitegemea mimi tu.

Nilimweleza Bibi Msimamizi nikiwa nimesimama.

"Nani alitia saini?"

"Mimi."

"Na hayo maneno hukuyajua."

"Sikuyajua, na sikuuliza."

"Mjinga we. Si kwa kutojua. Kwa kutouliza." Akasogeza kikombe kando. "Makatoni yako wapi?"

"Ndani kabisa."

"Yakitoka, kila kitu kinatoka. Meli itatuacha. Wateja wote watanitukana mpaka bibi yangu kaburini."

"Ndiyo, Bibi."

"Huo mteremko, alisema kuna ukuta?"

"Kushoto ukuta, kulia bonde."

Alivaa viatu. "Twende tukashushe."

Tulishusha hadi usiku pamoja na wapagazi, na yeye alishika makatoni kama sisi. Laoban alipoambiwa achape upya alikasirika. "Nyekundu nzuri! Ya wazee, nzuri!" Bibi Msimamizi hakumwambia amekosea. Alichora mtu mzee, akachora mlima, akamchora tena yule mzee akiwa miguu juu. Laoban akatazama muda mrefu. Mama yake mwenyewe alikuja pale kila siku kwa baiskeli, na mboga kwenye kikapu. Akaita wafanyakazi wake, wakaosha fremu.

Simu kwa Kasongo niliambiwa nipige mwenyewe. Nilipomaliza kueleza akasema, "Ndugu, asante. Lakini wageni ba kwanza batafika, na mimi sina kitu mukononi." Vitambaa vilimfikia msimu umeshaanza. Hakutuagiza tena. Meli ilituacha, na wateja wawili wengine nao walituhama. Mimi nilinyang'anywa saini kwa miezi mingi, nikarudi kuhesabu marobota Shahe. Asubuhi moja Bibi Msimamizi aliniwekea kalamu na sampuli ya jinzi mezani, akaendelea na chai yake.

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza kama kusema kweli kulinilipa. Hakukunilipa. Ila tangu siku ile, kabla ya kusugua rangi, niliuliza kwanza atakayetumia kitu hiki ni nani, na atakuwa wapi siku hiyo. Niliuliza hivyo hadi nilipostaafu, na mara nyingi niliuliza vitu vya kijinga mbele za watu.

Bibi Msimamizi tulimzika Unguja mwezi uliopita. Barazani watu walisimulia ukarimu wake, wageni aliowapokea uwanja wa ndege, wagonjwa aliowasafirisha. Yote ni kweli. Nilitaka kusema kwamba kuna wazee Ufaransa, ambao sasa huenda nao wameshakufa, waliozunguka ziwa kwenye barabara tambarare, wakarudi wakala chakula chao, wasijue kwamba mama mmoja wa Kizanzibari alishusha kontena zima kwa ajili yao. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikayaacha hayo yote. Nikasema tu kwamba alinifundisha kazi.