Kozi ya Nyambura na Swali la Baba Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, na hata nikitaka kuisahau siwezi, kwa maana mke wangu hunikumbusha kila nikirudi kutoka dukani bila sukari. Nitafika huko. Kwanza nikueleze kwa nini mtu kama mimi anazungumzia mambo ya baiskeli.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka jikoni hadi banda la kuku, na hata hapo mimi hupumzika katikati. Kwa hivyo mjukuu wangu Nyambura alipotoka Nakuru mjini hadi hapa kwetu Subukia, kuniuliza achague kozi gani ili awe kiongozi wa safari za baiskeli za milimani, nadhani hata kuku walishangaa.

Alikuwa amepata kazi, au tuseme karibu kuipata. Kuna kambi huko Naivasha, upande wa Kamere, inayopeleka wageni na watoto wa shule kwenye vijia vya vilimani, kwa zile baiskeli zenye magurudumu mapana yenye meno kama ya trekta. Walimtaka, lakini awe na cheti cha kuongoza. Na kozi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya wikendi moja, mahali pazuri kando ya ziwa. Unafunzwa kuruka mawe na kukata kona kwa kasi, unapigwa picha, unapewa jezi yenye jina lako mgongoni. Ya pili iko juu kule Olenguruone, kwenye baridi na matope, na inachukua miezi. Huko unafunzwa huduma ya kwanza, kusoma ramani na kutengeneza baiskeli njiani, na kabla ya mtihani lazima uwe umesindikiza watu mwalimu akikutazama. Akichukua ya kwanza, anaanza kazi mara moja. Akichukua ya pili, huenda kambi ikampa mtu mwingine nafasi yake.

"Guka, babu yangu, kozi ni kozi," akaniambia. "Bora cheti. Na kwa baiskeli mimi ni mkali, unajua. Kule Menengai hakuna kijana amewahi kunipita."

Mke wangu akachekea ndani ya kikombe cha chai. Nikajua ile Jumamosi imenifikia tena.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, wakati ambapo mtu anajua kila kitu. Baba yangu alikuwa mchukuzi wa maziwa. Yeye na wenzake walitoka alfajiri na baiskeli nzito nyeusi, mitungi imefungwa nyuma kwa mipira, wakipanda mlima hadi kituo cha maziwa. Walikuwa na utaratibu wao: mwenye baiskeli mbovu au mzigo mzito ndiye aliyetangulia, na wengine wakamfuata kwa mwendo wake. Mwenye nguvu kuwashinda wote alikaa mwisho. Baba alikuwa na miguu kama nguzo za kanisa, na sikuwahi kumwona mbele hata siku moja. Mimi nilidhani ni uzee. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao sasa, lakini tuache hayo.

Basi vijana wa kanisa wakapanga matembezi ya baiskeli hadi ziwa Solai, nami nikajichagua kiongozi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu binamu yangu aliyefanya kazi shamba la maua alikuwa ameniachia baiskeli yenye gia, ya kwanza kuonekana kwetu. Tena nilikuwa na kofia. Kwa kuwa baiskeli yangu ndiyo iliyokuwa nzima, nikapewa kikapu cha maandazi ya wote, na pampu pekee tuliyokuwa nayo ikafungwa kwangu.

Kulikuwa na msichana wa kwaya akiitwa Mumbi, juu ya baiskeli ya kaka yake ambayo pedali moja ilikuwa kipande cha mti. Nilitaka anione. Mwanangu, aliona mgongo wangu, kisha akaona vumbi langu, kisha hakuona chochote.

Nilifika ziwani peke yangu nikajipongeza. Nikalala chini ya mgunga, nikaanza kujipanga nitakavyokuwa nimekaa wakifika, ili Mumbi adhani sikutoa jasho. Nikajaribu mkono chini ya kichwa. Nikajaribu mguu juu ya mguu. Ng'ombe mmoja alinitazama sana. Mtu mwingine hakuja. Mvua ikanyesha, nikajifunika ile kofia, nikala andazi. Sitakwambia nilikula mangapi.

Kumbe nyuma huko Mumbi alipata pancha. Viraka walikuwa navyo, pampu hawana. Wakasukuma baiskeli hadi njia panda ya shamba la mkonge, hakuna wa kuwaonyesha, wakashika njia isiyo yao. Tope likawakamata, Mumbi akateleza akaumia mkono. Waliowakuta ni baba na wenzake wakirudi na mitungi mitupu, nao wakawaleta nyumbani polepole, Mumbi mbele kabisa.

Jioni nikaingia jikoni kwa mama nikiwa na habari zangu za ushindi. Wote walikuwa pale wakinywa uji, tope hadi magotini, mkono wa Mumbi umefungwa kwa leso. Nikasema nimefika Solai wa kwanza. Baba akapuliza uji wake.

"Umefika na nani?"

Nami nikageuka kutazama nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu ningemkuta mlangoni.

Jumatatu akaniamsha alfajiri nikaendeshe mwisho wa msafara wa maziwa. Kule nyuma ndiko nilikoanza kuona. Unaona gurudumu la nani linayumba na mzigo wa nani umelegea. Unajua aliyeacha kupiga stori ndiye aliyechoka, hata kama hajasema. Mbele nilikuwa nimeona barabara tu.

Sikumwambia Nyambura achague ipi. Nilimwambia awapigie simu walimu wote wawili, awaulize jambo moja: siku ya mtihani, nitapimwa nikiwa na nani?

Akaweka simu mezani tusikie sote. Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu. "Uko wewe na saa tu, sista. Maliza njia bila kuanguka, cheti ni chako." Wa pili alikuwa mama, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati. Akasema atapimwa akiwa na watu wasiojua baiskeli: mmoja mwoga, mmoja mbishi, na mmoja atakayetaka kurudi kabla hawajatoka. "Ukinirudishia wote na bado wanasalimiana, umepita," akasema. "Na kama una mtu wako ambaye hajagusa baiskeli miaka mingi, mlete. Wazee huwa tunawakosa."

Nyambura akanitazama. Mumbi naye akanitazama, kwa sababu ndiye niliyemwoa, ndiye huniuliza nimefika na nini nikisahau sukari, na mkono ule bado unamuuma kukiwa na baridi.

Kisha Nyambura akapigia kambi. Meneja akamwambia kwamba hamwahidi kumwekea nafasi. Akavuta uzi wa sweta yake, akasema, "Sawa, boss. Nikimaliza nitakuja kuuliza tena." Akakata simu, akapiga Olenguruone.

Kwa hivyo, mwanangu, nawe ukichagua kozi, acha jezi na picha kwanza. Uliza mwalimu amewahi kuongoza watu wa aina gani, na kama utafunzwa cha kufanya mmoja akiumia porini. Tafuta mahali watakapokuweka nyuma ya wanyonge hadi uwaelewe, maana kuendesha baiskeli unajua tayari. Unachoenda kutafuta ni kuwajua watu. Ikichukua miezi, iache ichukue. Kazi ikipotea inauma, sikudanganyi, lakini mtoto wa watu akipotea mlimani huna cha kumwambia mama yake.

Mungu akupe njia kavu, breki zinazoshika, na shingo isiyochoka kugeuka nyuma. Na siku utakapofika, mtu akikuuliza umefika na nani, uwataje wote kwa majina, hata mzee mmoja wa Subukia anayekuja nyuma polepole akilalamika kwamba kiti ni kigumu. Mumbi ameshanishonea mto wa kukalia siku ya mtihani wa Nyambura.