Nilipinga shule ya Moding kurekebishwa, sasa najuta

Wakuu, habari zenu. Hii sikuambiwa na mtu. Niliifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mimi nauza viatu vya mitumba Malaba. Mwaka jana tuliitwa baraza pale Amagoro kuchagua mradi mmoja wa pesa ya serikali. Ama tuwekewe paa sokoni, ama shule moja ya msingi upande wa Moding irekebishwe.

Hiyo shule ni ya kitambo. Ukuta wa darasa moja ulikuwa umeegemezwa na miti.

Headteacher, mtu mpole, aliongea kidogo tu. Aliomba tumsaidie kabla ya mvua.

Mimi nikasimama. (Watoto wangu wako academy ya kulipia, wacha niseme ukweli.) Nikasema sisi wa soko ndio tunalipa ushuru kila siku tukinyeshewa, na hiyo shule wazazi waliijenga wenyewe, basi wairekebishe wenyewe.

"Kila mtu azibe ufa wa kwake," nikamaliza.

Watu wakacheka. Mwalimu akaketi.

Tukapata paa. Mvua ikaja, ukuta ukaanguka Jumapili, hakuna mtu ndani, shukrani kwa Mungu. Madarasa yote yakafungwa. Watoto wakapelekwa shule nyingine, ng'ambo ya highway ya malori.

Wiki chache baadaye nikamwona Amoit, mwanafunzi wa hiyo shule, sokoni siku ya shule, ameketi na mamake anayeuza nyanya. Huyo msichana anatembea na magongo. Shule ya kwanza ilikuwa karibu na kwao. Hii mpya hawezi kuifikia.

Nilizunguka siku mbili kabla ya kumwendea mamake. Nikamwambia mimi ndiye nilifanya mtoto wake akae nyumbani, anisamehe.

Aliendelea kupanguza nyanya.

"Boss, hata mimi nilikuwa baraza," akasema. "Nilikupigia makofi. Nilitaka paa."

Nikanunua nyanya sikuwa nahitaji.

Baraza lililofuata nilisimama tena, nikaitetea shule. Tukaambiwa budget imeshafungwa, tungoje mwaka ujao. Amoit bado hasomi.

Nilichojifunza: shule ya umma ni yako hata kama mtoto wako hajawahi kukalia dawati lake. Kodi ni ya kazi kama hiyo. Nilijua kuongea, sikujua kufikiria.

Kama ni kunichapa, nichapeni, nimekubali. Lakini mwenye shule kuukuu kwao aseme pia: huko kwenu nani anairekebisha?