Vijinga vya Harusi ya Chwaka

Saa kumi na mbili asubuhi, Bi Thuwaiba Mkadam anachukua vipande viwili vya kuni, anavigonganisha karibu na sikio lake na kusikiliza. Mlio ni mzito, hauendi mbali.

"Huu bado unakunywa maji," anasema, akiutupa ukuni mmoja chini.

Yupo uani kwa Bwana Wakil, kijijini Chwaka. Binti wa nyumba hii anaolewa leo, na wageni watakula birian baada ya swala ya adhuhuri. Kuni ni za mvinje, lakini zimekatwa majuzi, na usiku mvua imezinyeshea.

"Kuni ni kuni, Bi Thuwaiba," anasema Bwana Wakil. "Mwagia mafuta ya taa, zitashika tu."

"Na chakula nikiite nini? Birian la mafuta ya taa?"

Wanawake wanaochambua mchele wanaangua kicheko. Yeye hacheki. Wali ukiingia moshi hauna dawa. "Utatajwa mpaka bi harusi apate wajukuu," anasema.

Bi Thuwaiba ana miaka hamsini na minane. Kazi ya kupika harusi aliirithi kwa mama yake, aliyemfundisha moto kabla ya viungo. Kila mti anaujua kama mtu anavyowajua majirani zake.

Makuti, anasema, ni mwenye kujisifu: vuu! kisha majivu. Mwembe hulia, ukitoa povu nchani na moshi wa kuumiza macho. Mkarafuu mkongwe ulioanguka wenyewe huwaka kwa adabu, na makaa yake hukaa mekundu mpaka laasiri.

Lakini akiutaja mvinje mkavu, sauti yake hushuka.

"Ule mti umekaa pwani umri wake wote, upepo ukipita ndani yake. Ukiungua, usikilize. Unavuma vile vile! Subhanallah. Harusi ngapi nshapika, na bado nasimama nikausikiliza."

Kufika saa nne, nyama ameiivisha kwa vifuu vya nazi na makuti makavu aliyookota. Sasa vimekwisha. Wali umeshapangwa juu ya nyama katika masufuria matatu, na unahitaji moto mpole chini na makaa juu ya mifuniko. Anajaribu ukuni mmoja wa mvinje. Moshi mweupe unapanda, naye anauchomoa haraka.

"Vijinga!" anapiga kelele. "Nataka vijinga!"

"Nani mjinga, mimi?" anauliza Bwana Wakil.

"Vijinga vya moto, Wakil! Ila nawe ukitaka, ingia humo."

Kijinga ni ukuni ulioungua nusu ukazimwa. Maji yake yameshatoka, na moshi wake pia. Asubuhi hii kila jiko la Chwaka lililochemshia chai limebakisha kimoja au viwili.

Jirani wa Bi Thuwaiba, Bi Nassra, anajifunga kanga kiunoni na kutoka mbio. Haupiti muda, wanawake wanaingia uani mmoja mmoja, kila mmoja na kijinga chake: cha mkarafuu, cha mvinje, cha mfenesi.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," anasema Bi Nassra, akihema.

Bi Thuwaiba anavipanga. Vinashika kwa pamoja, vyekundu, bila uzi wa moshi. Wanawake wanasogea karibu kutazama. Hata Bwana Wakil amesimama mdomo wazi.

Adhuhuri inapoadhiniwa, mfuniko wa kwanza unafunuliwa. Bi Thuwaiba anainamisha pua, anafumba macho, anavuta harufu.

"Zafarani," anasema hatimaye. "Zafarani tupu."

Vigelegele vinapasuka.

Sasa anataka lijengwe banda la kuni la kijiji, lenye paa, kuni za harusi zikauke humo msimu mzima kabla ya kuguswa. Bwana Wakil ameahidi mabati.

"Ana binti wa pili," anasema Bi Thuwaiba, akifuta majivu mikononi. "Asipoyaleta, huyo ntampikia kwa makuti."