Nguzo ya Jaa la Matisi

Karani wa jaa letu hapa Matisi hupima takataka kila Ijumaa, kwa nguzo aliyoipaka rangi mwenyewe. Kila mwaka una mstari wake, hadi 1997, mwaka ambao mpango wa mji unasema shimo litajaa. Kabla ya kusoma hufuta vidole kwa maganda ya mahindi, kimoja kimoja. Ijumaa moja ya 1991 takataka zilifika mstari wa 1995. Diwani akaja na kopo la rangi, akampa karani. "Pandisha hiyo mistari, bana. Wageni wa kukagua jaa wako njiani."

Sisi waokota chupa tuliacha kuokota. Karani alifuta vidole, akamrudishia kopo. "Panda wewe, mheshimiwa. Na uandike jina lako hapo juu."

Diwani akalitazama lundo, kisha viatu vyake.