Mwaka Tulioenda Ushago Makina

Mkate uliosafiri ndani ya mfuko mmoja na sabuni ya mche una harufu yake, na aliyewahi kuula hawezi kuisahau. Juzi nilirudi kutoka dukani, nikafungua mfuko, harufu ile ikanipanda puani, nikasimama tu pale jikoni nikitabasamu peke yangu. Nyinyi ambao wazazi wenu walitoka Western au kule ziwani mkazaliwa Nairobi, mnajua ninachosema. Desemba ikifika, kila aliyesafiri alibebeshwa vifurushi vya majirani: sukari, majani ya chai, sabuni, na mkate wa Nairobi. Mkate ulifika kule ukinuka sabuni, na nyanya za watu waliula hivyo hivyo na kuusifu.

Tuliishi Gatina, Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyozunguka uwanja mdogo wenye mfereji mmoja wa maji ya bomba. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na ndugu yangu Simiyu alikuwa bado hajaanza nasari. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulikwenda kumzika kwao, upande wa Kimilili, kisha tukarudi Nairobi na mama. Mama aliuza nguo za watoto za mitumba pale soko la Toi, akienda na kurudi kwa miguu. Hakupenda kuulizwa maswali, na ploti ile ilikuwa na maswali mengi kuliko maji.

Swali la Desemba lilikuwa moja. Watu hawakuuliza kama unaenda nyumbani, waliuliza unaenda lini. Kubaki Nairobi wakati wa Krismasi kulihitaji maelezo: labda mume ni soja na hakupewa ruhusa, labda una mtoto mchanga, au basi, umekosana na kwenu. Hilo la mwisho halikusemwa mbele yako. Lilisemwa ukishajaza mtungi wako ukaondoka. Mama aliwajibu wote kwamba tunaenda, na mimi nikawaringia wenzangu kuhusu maembe na miwa mpaka nikaona nimezidisha.

Halafu alasiri moja mama akatukalisha kitandani, akafunga mlango.

"Hatuendi nyumbani," akasema. "Tunaenda Makina kwa Mama Zuhura. Lakini mtu wa hapa akiwauliza, tunaenda nyumbani. Nafula, umenisikia?"

Nilimsikia. Nilipouliza sababu, alisema nauli imepanda. Nauli hupanda kila Desemba, mabasi hukuchuna mpaka ushangae, kwa hiyo sikuuliza tena.

Mama Zuhura alikuwa rafiki yake wa kibanda cha pili pale Toi. Alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Makina, na nyanya yake pia alizaliwa papo hapo Kibera. Mwezi wa kumi na mbili hakuna aliyemuuliza anaenda lini, maana ushago wake, yaani kwao alikotoka, ulikuwa mlangoni pake. Nafikiri ndiyo sababu mama alimchagua yeye.

Siku ya kuondoka ploti nzima ilitoka kutusindikiza. Mama alikuwa na begi la nguo, mimi nimevaa viatu vya kanisa. Tukiwa tumeshafika kwenye lango, Mama Wekesa akaja mbio, mtoto wake mchanga mgongoni, kifurushi mkononi. Chumba chake kilitazamana na chetu, na kwao kulikuwa karibu kabisa na kwa kina baba, mwendo wa kutoka hapa hadi pale. Mwaka huo yeye hakusafiri kwa sababu ya mtoto.

"Mama Nafula, nisaidie na hii. Mpatie mama yangu. Mwambie asikawie kufungua."

Nikamtazama mama. Sijawahi kumwona mtu akipokea sukari na uso wa namna ile. Lakini angesema nini? Anayekwenda nyumbani hakatai kifurushi cha jirani, na sisi tulikuwa tunakwenda nyumbani.

"Itafika," mama akasema.

Tulitoka kama watu wanaokwenda steji, tukapinda kona, tukashika njia ya Ngong Road kwa miguu. Mimi nilibeba kile kifurushi kichwani, na kila nilipogeuka harufu ya mkate na sabuni ilinifuata. Simiyu aliuliza mara nyingi kama ushago ni mbali. Tulipoingia Makina, Mama Zuhura alitungoja mlangoni, akasema, "Karibuni ushago," akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Simiyu hakucheka. Aliangalia nyumba, akaangalia watu wanaopita, akakubali. Tangu saa hiyo, kwa Simiyu, ushago ulikuwa Makina, na hakuna aliyepata moyo wa kumsahihisha.

Kesho yake Mama Zuhura akamwambia mama autoe ule mkate tuule kabla haujaota ukungu, sukari na sabuni zitapata mtu wa kuzipeleka hata Januari. Mama akabishana kidogo, kisha akafungua. Chini ya sukari kulikuwa na karatasi ya kaki iliyokunjwa vizuri, na ndani yake vidonge vya aina mbili.

Mama akaketi. Sote tulijua kwamba mama yake Mama Wekesa alikuwa na presha, na kwamba mwaka huo huo alikuwa ameanguka kisimani akaokotwa na wapita njia. Ndiyo maana ya asikawie kufungua.

"Wape makanga wa basi," Mama Zuhura alisema.

"Dawa ya mtu mzee? Waiache steji, nani ataenda kuichukua?"

"Basi rudi Gatina umwambie ukweli."

"Nimwambie nini?" mama aliuliza. "Niambie wewe. Nimwambie nini?"

Sauti yake ilinifanya nitoke nje. Niliogopa sana, na siwezi kusema niliogopa kwa ajili ya yule mgonjwa. Niliogopa kwamba tutajulikana, na kwamba wale niliowaringia kuhusu miwa wataniita mwongo kuanzia Gatina hadi Riruta. Niliporudi ndani mama alikuwa amefungua pindo la leso yake na kutoa pesa za sikukuu, zile za nyama, unga na soda. Alikuwa amekwisha kuamua kwenda mwenyewe.

"Si ulisema nauli hakuna?" nikamuuliza.

"Ya mtu mmoja iko."

Aliondoka alfajiri ya siku ya kuamkia Krismasi. Nilimwomba, kwa kuwa atakuwa karibu, apite amsalimie kukhu, nyanya yetu mzaa baba, na amwambie nimepita mtihani. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena, akasema, "Nitaona."

Tukabaki na Krismasi isiyo na pesa, kwenye nyumba ya watu wasioisherehekea. Hapo ndipo Zuhura aliposhika usukani. Alinizidi mwaka mmoja lakini alijiendesha kama mama mzazi.

"Kwani nyinyi Krisi mnafanyanga nini?" aliniuliza, mikono kiunoni.

Nikamwambia: chapati, nyama, soda, nguo mpya, na tawi la mti ndani ya nyumba. Akafikiria. Nyama akaifuta, nguo mpya akazifuta. Yaliyobaki akasema yanawezekana. Tulikwenda Toi kuwachotea maji akina mama wa vibanda waliotujua, tukalipwa kwa walichokuwa nacho: huyu unga kwenye karatasi, yule kijiko kikubwa cha mafuta, mwingine akatupa shilingi kadhaa zilizotosha soda moja ya machungwa, tena tuinywe palepale kwa sababu chupa ilikuwa ya kurudishwa. Zuhura alikwenda na jagi la nyumbani, akaimimina humo. Tulipofika nyumbani aliiongeza maji na sukari, akakoroga, akaonja, akaongeza maji tena. Ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, lakini ilitosha watu wote na ikabaki.

Tawi tulilikata kwenye ua wa mikrismasi kule Woodley, mimi nikiangalia mbwa. Mama Zuhura alipolikuta limesimama ndani ya ndoo, limefungwa vipande vya karatasi ya choo, alilizunguka lote.

"Mti nyumbani kwangu," akasema. "Na kesho nikutane na watu wa msikitini. Haya, isogezeni hiyo ndoo, nipate pa kupita."

Siku yenyewe alitukandia unga yeye, sisi tukasukuma chapati kwa chupa tupu. Zilikuwa chache. Zuhura akazikata robo robo, akazipanga kwenye sinia mpaka zikaonekana nyingi. Watoto wa jirani walipofuata harufu, hakuwafukuza. Aliwapa robo robo na kikombe cha kile kinywaji, akisema ni wageni wake wa Krisi. Kusema kweli nilifurahi. Nilicheza mpaka jasho likanitoka, na mara chache tu nilikumbuka kutazama njia. Robo nne tulimwekea mama chini ya sahani.

Aliingia jua likielekea kuzama. Mabasi ya kurudi Nairobi siku ya Krismasi yalikuwa matupu na nauli nafuu, alisema, hata alilala kwenye kiti cha watu watatu. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu, mkononi ana mfuko wa njugu, kwapani ana kuku aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Yule mama mzee hakukubali arudi mikono mitupu. Kuku na njugu vilikuwa vya bintiye.

"Alimeza?" Mama Zuhura akauliza.

"Alimeza nikimwona."

Akala zile chapati polepole. Nikamuuliza kukhu anasemaje. Akasema hakupita huko, alihofia kuachwa na basi. Nilimwamini. Nilijivunia hata, kwamba mama amefika karibu hivyo na nyanya akaharakisha kurudi kwetu.

Tulikaa na yule kuku hadi mwaka mpya. Alitembea ndani ya nyumba, akalala chini ya meza, na sisi tukimtazama kwa uchu kila wakati wa chakula. Simiyu alimlisha makombo na kumwita Krisi.

Tuliporudi Gatina, Mama Wekesa alitoka kutupokea akiwa na furaha kubwa. Alishika njugu, akamshika kuku, akakitazama kitambaa cha miguuni. Kilikuwa kimechanwa kutoka leso ya mama yake, na alikijua. Machozi yakamlengalenga. Mimi nikashusha pumzi. Ndipo Simiyu akasema kwa sauti, mbele ya watu wote wa mferejini, "Ushago kuna azana. Na Zuhura alitutengenezea soda kwa jagi."

Mama aliganda. Wengine walicheka, watoto husema mengi. Mama Wekesa hakucheka. Alimtazama Simiyu, akamtazama kuku, akamtazama mama kwa muda. Kisha akasema, "Simiyu, umerudi mnene wewe. Ingieni, nimeweka chai."

Mwaka uliofuata, kabla hata watu hawajaanza kuulizana unaenda lini, Mama Wekesa alisimama pale mferejini wakati ploti nzima iko nje. "Mama Nafula," akasema, "nakuomba mbele ya hawa wote, mwaka huu usisafiri. Nataka kwenda kumwona mama, na nyumba yangu siwezi kumwachia mtu mwingine ufunguo." Mama akajifanya kusita, kisha akakubali. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Mama Wekesa alituachia unga, mafuta na sukari, akisema vikikaa vitaharibika. Mwaka wa tatu akaomba hivyo hivyo. Na wa nne.

Mimi nilimchukia. Nilikuwa nikimwambia Zuhura, ambaye sasa ndiye aliyekuja kwetu kila Krismasi na jagi lake, kwamba yule mwanamke ana roho mbaya: anakwenda kumwona mama yake na sisi anatuzuia kumwona kukhu. Nilikuwa simsalimii vizuri. Akinituma dukani nilikwenda nikiburuta miguu, na yeye hakuwahi kunishtaki kwa mama.

Nilipokuwa mtu mzima, karibu kuolewa, nilimwomba mama anipeleke kwenye kaburi la baba. Ndipo akaniambia. Baada ya mazishi, ndugu za baba walitaka arithiwe na mmoja wao. Alikataa. Wakaweka kufuli lao kwenye nyumba yetu, wakamwambia hana haja ya kurudi, na kukhu alikuwa amekaa hapo akisikia. Siku ile ya dawa alipita barabarani mbele ya boma hilo kwenda, na akapita tena kurudi.

"Nauli ningeitafuta," alisema. "Ningeshukia kwa nani?"

Nikamuuliza kama Mama Wekesa alikuwa anajua, na ni nani aliyemwambia.

"Mimi sikumwambia," mama akasema. "Na yeye hakuwahi kuniuliza. Kila mwaka aliniomba tu nisisafiri, watu wakisikia."