Nusura nikose mchumba Mbekenyera kwa sababu ya mke wa kwenye sinema

Wakuu, heshima kwenu. Nakaribia miaka tisini, anayechapa ni mjukuu wangu. Asipoongeza chumvi yake, mtakayosoma yalitokea kweli.

Miaka ya hamsini nilikuwa karakana ya matrekta Nachingwea, enzi za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Jumamosi mimi na rafiki yangu Hamisi tuliigiza mchezo jukwaani kwenye klabu ya wafanyakazi. Mimi mume mvivu, msimu wa kulima ukifika tu naumwa. Hamisi ndiye mke wangu.

Wanawake hawakupanda jukwaani kwetu wakati ule. Hamisi alijifunga khanga za dada yake, akapaka wanja. Alikuwa mzuri jamani, nasema bila aibu. Akifungua kinywa sasa, linatoka besi la ajabu. Watu walicheka mpaka machozi. Mwishoni mke anaondoka, mume anabaki analia.

Mzungu mmoja fundi, mwenye kamera yake ndogo, akasema tuutengenezee filamu.

Bajeti? Msiniulize. Jiko tulijenga kwa mikeka. Mkanda ulikuwa mfupi, hakuna kurudia. Nilijikwaa kwenye chungu kwa bahati mbaya, ikaingia hivyo hivyo.

Kitu kimoja hatukukifikiria: kamera ile haikunasa sauti.

Fundi akaenda kuionyesha Ruangwa, kwenye shuka. Mimi nilikuwa kazini. Mzee Saidi wa Mbekenyera, ambaye nilikuwa nimempelekea posa ya binti yake Zainabu, akaenda kutazama na familia yake.

Sasa muelewe, gari la sinema la serikali lilikuwa likija kule kufundisha kupanda mihogo na kuchimba vyoo. Kwa watu, sinema ilikuwa mambo ya kweli. Mzee akaniona mimi nimelala, mke mzuri anahangaika, halafu mke anaondoka na mzigo kichwani.

Wiki iliyofuata mshenga akaja na jibu. "Mzee anasema una mke Nachingwea, tena unamtesa."

Niliumia sana. Zainabu nilimpenda kweli. Nikamchukua Hamisi, tukapiga baiskeli kutwa nzima hadi Mbekenyera. Karibu na nyumba akaingia kichakani, akavaa zile khanga za dada yake.

Mzee alipomwona akasikitika. "Karibu mwanangu. Pole kwa mateso."

"Shikamoo baba," Hamisi akajibu kwa lile besi. "Mimi naziba pancha za matrekta."

Mzee alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwita Zainabu aje aone.

"Baba, mimi nilijua tangu Ruangwa," Zainabu akasema. "Mwanamke gani anapepeta mtama vile, wote unaishia chini?"

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama atakuja mwenyewe, au atatuma mtu."

Mzee akakubali posa siku ile ile. Tumeoana zaidi ya miaka sitini.

Nilichojifunza: jambo la moyo nenda mwenyewe, mdomo wa kuazima hautoshi.

Ila wakuu, niwaambie nisilowahi kumwambia mtu. Nilipanga kumtuma mshenga tena. Mshenga ndiye aliyekataa, akaniambia kamalize mambo yako na mkeo.

Zainabu yuko uani anachambua mboga. Nishaurini, nimwambie leo au ninyamaze?