Mgeni Niliyemkaribisha Uwanja wa Pembea

"Si wewe uliyemwambia karibu?"

Hayo ndiyo maneno aliyonijibu Bwana Salimini, mwenye vyumba vya uwanja wa pembea, nami nimesimama mbele ya meza yake na mtoto mchanga mgongoni, na binti yangu nimemshika mkono kwa nguvu hata analia. Hapo subira yangu ikakatika. Nilimtupia ufunguo wake. Sikuuweka mezani, niliutupa, ukampiga kifuani, na watu waliokuwa wakinywa kahawa pale nje wakageuka kutazama. Sijuti. Ningekuwa na kitu kizito zaidi, ningemtupia hicho.

Najua wako watakaosema huyu ni mama aliyechoka, jua la sikukuu lilimpanda kichwani. Semeni. Mimi nimesoma mpaka sekondari, na kabla ya siku ile mtu akinianzia habari za majini nilikuwa nikimwuliza kama amekula. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa niliiona jua likiwaka. Sikuota, sikuwa na homa, na sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa Idi, miaka michache baada ya uhuru. Tulikuwa tukikaa Voi, mume wangu Athumani akifanya kazi ya reli, na binti yetu Zuhura, aliyekuwa anakaribia kuanza shule, alikuwa ameahidiwa pembea za Mombasa hata akawa anaziota. Athumani hakupata likizo. Ikawa niende mimi, na Zuhura, na Fadhili ambaye bado ananyonya. Lililobaki ni kuamua tutalala wapi, na juu ya hilo tuligombana wiki nzima, tena kwa barua na shangazi yake pia.

Shangazi huyo, Mwana Esha, alikuwa na nyumba Mji wa Kale, ghorofani, katika kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kwake ni bure, tena ni kwa jamaa. Lakini mlango mkubwa wa chini hutiwa komeo baada ya isha, ngazi zake ni za kupanda kama mnazi, na kutoka hapo mpaka uwanjani, upande wa Mbaraki, ni mwendo. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mama mwenye mmoja mgongoni na mwingine amelala begani, ni adhabu.

Vyumba vya Salimini, kwa upande mwingine, vilikuwa ndani ya uwanja wenyewe, safu moja ya mabati nyuma ya farasi wa mbao wa kuzunguka, wanaosukumwa na watu kwa mti. Mtoto akichoka unamlaza, akiamka unamtoa, yuko pembeani. Na mpangaji alikuwa na haki moja asiyokuwa nayo mtu wa nje: watoto wake walipanda kabla ya lango kufunguliwa jioni, uwanja ukiwa mtupu, hakuna kupanga mstari, hakuna wa kuwasukuma. Athumani alilipenda hilo. Nami nililipenda, nisimsingizie peke yake.

Mwana Esha alikuja kutupokea stesheni, na alipojua kwamba pamoja na barua zake zote hatuendi kwake, uso ukambadilika.

"Kwani kwangu kuna miba?"

Nikamwambia hakuna, shangazi, ni mbali tu.

"Mbali na nini? Mtoto apande pembea, ashuke, aje nyumbani. Au wataka alale juu ya farasi?"

Akaondoka na kisahani cha halua alichotuletea, hakutuachia. Nilicheka. Nilijiona nimeokoka na maneno yake kwa siku tatu.

Jambo la kwanza lililoniudhi pale uwanjani ni adabu za watu wake. Nilikwenda chumba cha pili, kwa mke wa mmoja wa wasukuma farasi, kuomba maji. Nikapiga hodi. Akajibu kwa ndani, "Nani?" Nikataja jina. "Sema tena." Nikasema tena, ndipo akafungua. Hakusema karibu hata kidogo. Mimi mzaliwa wa Malindi, nimelelewa kwamba hodi ikipigwa karibu hutoka yenyewe, hata kama mkono uko kwenye unga. Nikasema moyoni, watu hawa wamefundishwa na nani?

Magharibi ile nilikuwa chumbani, mlango nimeurudisha, Fadhili ananyonya. Nje walikuwa wakipampu karabai zao, na santuri imeanza kuimba. Nikasikia hodi, sauti ya mwanamke, ya upole. Nikajibu kama ambavyo ningejibu popote, na kama ambavyo ungejibu wewe: karibu.

Akaingia, akaketi mkekani karibu na mlango. Mtu wa makamo, kanga mpya za Idi, mikunjo ya dukani bado imesimama, na hina mikononi rangi ya chungwa kama iliyooshwa asubuhi hiyo hiyo. Tukaamkiana vizuri, akauliza wa nyumbani, akauliza safari, akamsifu mtoto kwa mashallah. Baada ya wale wa chumba cha pili, nilijiona nimepata mtu wa kwetu. Kisha akaniuliza, "Mmepanga humu ndani, au mwalala nje?"

Nikamwambia humu ndani.

"Mmefanya vyema. Wanaolala nje hulazimika kurudi."

Nami nikaitikia. Niamini, nilidhani anasema habari ya kuchoka, na nikamweleza ule mwendo wa kwenda Mji wa Kale, na ngazi za shangazi, na komeo. Akasikiliza kama mtu anayehurumia. Zuhura alikuwa amekwisha kumkalia mapajani. Kama umewahi kulea wawili peke yako unajua jinsi unavyompenda yeyote atakayekupokea mmoja. Sikumwuliza hata jina. Mgeni haulizwi mara ya kwanza, hungoja aseme mwenyewe.

Siku ya pili tulitoka kabla ya lango kufunguliwa, tukamkuta amesimama penye farasi, kana kwamba tumeahidiana. Zuhura akapanda, naye akatembea pembeni amemshika mkono, mzunguko baada ya mzunguko. Wale wasukuma farasi hawakumwamkia. Walisukuma mti wao nyuso zimeinama, na mmoja akawa ananitazama mimi kama anayetaka kusema neno, halafu akatema mate kando akaendelea. Nikazidi kuwaona washenzi.

Jioni alikuja tena, na safari hii hakupiga hodi. Nilimwona tu ameketi. Hapo nilishtuka kidogo, lakini nani anamwuliza mgeni ambaye jana alimkaribisha mwenyewe, wewe umeingiaje? Nikampa chai. Nikaona hina yangu imekwisha kukoza, imekuwa nyekundu ya damu ya mzee, na yake bado chungwa. Na kanga zile, amezikalia siku mbili, mikunjo ya dukani haijavunjika. Niliyaona yote hayo. Macho yaliona, kichwa kikakataa kuyajumlisha. Elimu yangu ilinisaidia nini? Ilinipa sababu ya kila kitu: labda hina ya Kihindi, labda ana jozi mbili za kanga.

Usiku huo Zuhura aliniambia, kwa sauti ya mtu mzima anayetoa habari, kwamba sisi hatutarudi Voi. Nikamwuliza nani kasema. Akasema mtu akikaa humu, sikukuu haiishi. Kisha akanigeuzia mgongo akalala, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza habari za baba yake.

Siku ya tatu ndiyo tulikuwa tupande treni. Baada ya alasiri nilikuwa nafunga mizigo, nikageuka, Zuhura hayupo. Lango bado halijafunguliwa, wafanyakazi wamelala vivulini. Nikajua alipo. Nikamfunga Fadhili mgongoni nikatoka mbio.

Farasi walikuwa wakizunguka. Hakuna mtu kwenye ule mti wa kusukumia. Na mhimili wao ulikuwa na tabia ya kulia, ukiusikia hata ukiwa barabarani, lakini wakati ule haukutoa sauti yoyote. Zuhura amekaa juu ya mmoja, yule mwanamke anatembea pembeni amemshika mkono. Nikaita. Mwanangu akapita mbele yangu akanitazama kama abiria anavyowatazama watu wa stesheni ambayo hashuki. Nikamkimbilia, nikanyoosha mkono, farasi akawa mbele. Nikanyoosha tena, akawa mbele. Hawakuwa wakienda kwa kasi. Walikuwa wakienda polepole, na mimi simfikii.

Utaniuliza kwa nini sikusoma Kurani. Nilitaka kusoma. Kila aya niliyohifadhi chuoni ilinitoka, hata zile fupi ambazo mtoto anazijua. Kilichobaki mdomoni ni adabu tu. Nikawaza, na wazo lenyewe lilikuwa la hasira: siku tatu ninamfanya huyu mgeni wangu, namhudumia, namvumilia, na mimi ndiye niliyekuja juzi kwa treni. Mwenye mahali hapa ni nani kati yetu wawili?

Nikasimama wima, nikajitengeneza mtandio.

"Bi mkubwa," nikasema, "tumekaa, tumefurahi, Mungu akulipe. Sasa twaomba ruhusa."

Farasi wakasimama.

Akanigeukia. Mwenyeji hawezi kumkatalia mgeni anayeomba ruhusa, anaweza tu kumsihi kidogo, nalo alilifanya. "Mbona mapema? Kaeni mpaka usiku, taa ziwashwe."

"Taa tumeziona. Baba yao anatungoja."

Nusura niongeze, tutakuja tena, maana ndivyo tunavyoaga wote, hata pale ambapo hatuna nia. Nililiuma lile neno mpaka nikaonja damu. Akamteremsha Zuhura, akautia mkono wake ndani ya mkono wangu. Mkono wa mtoto ulikuwa baridi kama uliotoka kwenye mtungi. Kisha akatusindikiza, kama impasavyo mwenyeji. Tulikwenda polepole mpaka penye lango dogo la pembeni, nami nikavuka, Zuhura akavuka. Yeye akasimama ndani, vidole vya miguu kwenye mstari wa kizingiti, havikuuzidi hata kidogo.

Sijui kwa nini nilimwuliza. Ningekimbia. Lakini alisimama pale kama mtu yeyote aliyeachwa, nikamwuliza yeye haendi kwao?

"Mimi sikuaga," akasema. "Nilikuja sikukuu, ikanikolea, nikasema kesho. Mwenyeji wangu akaondoka kabla yangu. Sasa hapana wa kumwomba ruhusa."

Nilipogeuka mara ya pili palikuwa na lango tu.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Salimini, kwa upande wa barabara. Nilitegemea atanicheka au atashtuka. Hakufanya hata moja. Alipangusa miwani. Akasema wanamjua, tangu pale hapajawa na pembea hata moja, na hana ubaya, ila watu wa pale hawaitikii karibu. Wanauliza nani. Yeye jina hana, basi hapiti. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia wapangaji. Akasema angewaambia, nani angepanga? Halafu ndipo aliponiuliza kama si mimi niliyemwambia karibu, na ufunguo ukaruka. Mizigo yangu nikamtuma msukuma farasi aniletee nje. Treni ikanipita.

Tulitembea hadi Mji wa Kale, ule ule mwendo niliokuwa nikiukwepa. Zuhura alilia njia nzima, anataka kurudi. Alilia mpaka tukaingia vichochoroni, na harufu za vyakula vya watu zikatupokea, na hapo akanyamaza, akaniuliza shangazi amepika nini. Nikakaa chini pale pale njiani nikalia mimi. Tangu siku ile nimewaza sana juu ya mwendo ule. Nilidhani ni taabu iliyokaa kati ya furaha na kitanda. Sasa naona ndio unaomrudisha mtoto kutoka sikukuu, kidogo kidogo, mpaka awe wako tena.

Mwana Esha alifungua komeo bila swali. Aliniteremshia mtoto mgongoni, akasema maji ya kuoga yako, na ya miba tutaongea kesho. Hatukuongea.

Hina ya Idi niliyompaka Zuhura, ya mkono wa kulia, ule alioshikwa, ilibaki chungwa mpaka mfungo mwingine ukaingia. Ya kushoto ilitoka kama kawaida. Sasa anasoma, ni mtoto mcheshi, lakini popote tukialikwa hatoki mpaka amtafute mwenye nyumba, amshike nguo, aombe ruhusa kwa sauti. Watu humsifu kwa adabu. Mimi hugeuza uso.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuwapeleka wanao sikukuu, lala nje. Lala kwa shangazi mwenye maneno makali, panda ngazi zake, vumilia. Na ukiwa mahali usipopajua, hodi ikipigwa, uliza nani. Watakuita mtovu wa adabu. Waache.

Salimini hakuniomba radhi. Nikaandika barua, nikaipeleka kwa mkono wangu kwa katibu wa kamati yenye uwanja ule, iliyompa Salimini autumie. Alisoma, akauliza, "Mama, hapa unamshtaki nani?" Nikamwambia asome tena. Niliandika hivi:

"Kwa Katibu. Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mpangaji wa chumba ndani ya uwanja wenu siku za Idi, nashtaki kwamba mwenye vyumba alijua kuna mkaaji mwingine humo, na wafanyakazi wake wote walijua namna ya kujikinga naye, na hakuna aliyeniambia mimi mwenye watoto. Nusura nimpoteze binti yangu kwa sababu ya adabu yangu na ukimya wao. Nataka kila mpangaji aambiwe mlangoni, kabla hajapewa ufunguo. Kuhusu mkaaji mwenyewe, simshtaki. Msimletee mtu wa kumfukuza. Nyinyi ndio wenye uwanja sasa, kwa hiyo nyinyi ndio wenyeji wake. Naomba mmoja wenu, mtu mzima mwenye heshima zake, aende pale alasiri kabla lango halijafunguliwa, amwambie kwamba amekaa, amefurahi, na ruhusa anayo. Kisha amsindikize mpaka nje."